Shajara ya mfano wa hekalu la Thanjavur

Tarehe 2 Februari

Plaiwudi imefika: shiti moja ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18. Tumeilaza mezani na nimeipima mara mbili. Ua wa hekalu la Brihadisvara, mjini Thanjavur katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, una urefu wa mita 240.79 kutoka mashariki hadi magharibi na upana wa mita 121.92. Mfano wangu ni wa moja kwa mia, sentimita moja ikisimama badala ya mita moja. Kwa hiyo ua mzima unakaa juu ya shiti moja. Kwa urefu zinabaki sentimita tatu, kwa upana haibaki hata nafasi ya penseli. Nimeuona mwanzo huu kuwa wa heri.

Kabla ya kushika msumeno nimepiga mstari katikati, ua ukagawanyika miraba miwili. Ndivyo waliolipanga hekalu walivyofanya: mraba na mraba, vimeunganishwa. Katika kila mmoja nimepiga mistari ya pembe hadi pembe. Inapokutana mistari ya mraba wa magharibi ndipo uliposimama mnara mkuu, waitao vimana. Inapokutana ile ya mashariki ndipo alipolala Nandi, dume la ng'ombe la Bwana Shiva, mungu wa Wahindu, akiutazama mlango. Nilipokuwa pale uani nilihisi utulivu ambao sikujua unatoka wapi. Leo nimeuona ukitoka kwenye mistari minne ya penseli.

Niandike na chanzo cha kazi hii, nisije nikakisahau. Mwaka juzi nilimsindikiza kaka yangu Chennai kwa matibabu. Alipopata nafuu tukawa na wiki nzima ya kusubiri majibu. Pale nyumba ya wageni palikuwa na mama mmoja wa Kitamil aliyekuja kumuuguza mumewe. Aliposikia mimi ni seremala aliniambia nisirudi kwetu kabla ya kuliona Periya Kovil, yaani hekalu kubwa. Kaka naye akasema, "Nenda, mdogo wangu, mimi uji nitaletewa." Nikapanda treni ya usiku. Nilifika alfajiri, nikavua viatu langoni, na nikakaa siku mbili. Tangu siku hizo mikono yangu ina deni.

Tarehe 9 Februari

Swali gumu la kwanza: tunajenga hekalu la mwaka gani?

Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Wachola, alitawala kuanzia 985 hadi 1014, na hekalu lilifikia kilele mwaka 1010. Yeye aliliita Rajarajeshvaram, kwa jina lake mwenyewe. Lakini anayeingia leo anakutana na mikono mingine mingi. Nandi yule mkubwa, wa jiwe moja lenye urefu wa karibu mita 6, ni wa zama za watawala wa Nayaka, karne nyingi baada ya mfalme, na banda lake pia. Hekalu dogo la Subrahmanya, lenye nakshi laini hata ukadhani ni mbao, ni la Wanayaka vilevile. La mungu mke ni la karne ya 13. La Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, lilijengwa upya na Wamaratha, watawala waliowafuata Wanayaka.

Kijana wangu wa karakana alisema, "Fundi, tuyaondoe hayo yote, tubaki na la mfalme peke yake." Nilitaka kukubali, kwa kuwa kazi ingepungua. Lakini mimi nimekulia karibu na magofu ya Tongoni, na nimezoea jengo la kale liwe kimya, nyasi zimeota mihrabuni. Thanjavur si gofu. Kengele zinalia, kafuri inafuka, watoto wanakimbizana kivulini, bibi harusi wanakuja kupiga picha, na ibada haijahama. Waliokuja baadaye waliongeza kwa sababu walikuwa wanapatumia.

Uamuzi: vya mwaka 1010 vyote tutavichonga kwa mkangazi, mwekundu. Vilivyoongezwa baadaye vyote kwa paini nyeupe. Mtazamaji hatahitaji kibao cha maelezo.

Tarehe 23 Februari

Kitako cha mnara kimekamilika. Ni mraba wa sentimita 30, maana mnara una mita 30 hivi kila upande, na kimo chake ni karibu mara mbili ya hapo. Vitabu vingine vinataja mita 66 kwa kimo, vingine 60. Nimechukua 60, kwa ajili ya uwiano huo wa moja kwa mbili ambao jicho linauhisi hata bila futi kamba.

Kitako chenyewe kilitutesa. Hakiendi juu kikiwa bapa. Kina mikanda: mmoja umetokeza, mwingine umeingia ndani, mmoja umeviringwa kama mkeka uliokunjwa, na juu kabisa kuna safu ya wanyama wa hadithi wenye vichwa vya simba. Kila mkanda ulihitaji randa yake, na mimi ninazo mbili. Tulimalizia kwa tupa na msasa.

Nilipokuwa nikisugua nilifikiria jiwe. Thanjavur iko kwenye delta ya mto Kaveri, nchi ya tope na mpunga. Ukichimba huko unapata udongo, unapata maji, hupati mwamba. Hekalu lote ni la itale, lile jiwe gumu ambalo wengine huliita graniti, na lilitolewa karibu kilomita 50 mbali. Sisi wa pwani tumezoea jiwe la matumbawe, linalochongwa likiwa bichi kutoka baharini na kuwa gumu likishakauka. Itale haina ubichi. Patasi ikigonga, inarudi. Na mikanda hii niliyoshindwa kuinyoosha kwenye mkangazi, wao waliichonga kwenye itale kuzunguka mraba wa mita 30, ikakutana kwenye pembe.

Jina la aliyesimamia linajulikana, kwa sababu limechongwa pale pale: Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan. Perun ni kubwa, mkuu. Na tachan, kwa Kitamil, ni seremala. Aliyejenga mnara wa mawe mrefu kuliko yote ya nchi yake aliitwa Seremala Mkuu. Nilimsomea kijana wangu mstari huo. Hakusema kitu, alirudi kwenye msasa, lakini niliona alivyonyoosha mgongo.

Tarehe 16 Machi

Tumevunja tulichokuwa tumeanza. Ni hasara ya mbao, lakini lazima.

Mpango wangu wa awali ulikuwa kugundisha mbao juu ya mbao, nipate gogo moja la mkangazi, kisha nichonge mnara kutoka nje kama mtu anavyochonga kinyago. Nikiwa naangalia mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo likiwa limepasuliwa katikati, niligundua nilichokuwa nakifanya. Mnara ule ndani ni mtupu. Nilikuwa najenga kitu ambacho hakipo.

Chini kuna kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani inakizunguka chumba kitakatifu, lilimo linga, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva, ya mita 3.7 hivi. Kati ya kuta hizo mbili kuna ushoroba mwembamba wa kuzunguka. Juu ya ushoroba huo kuna mwingine, ghorofa ya pili. Zikishapita ghorofa hizo mbili, kuta zinaanza kuelekeana: kila safu ya mawe inatokeza kidogo kuelekea mwenzake kupita safu ya chini yake, hadi kuta zinagusana na kuwa kitanda kimoja kinene. Juu ya kitanda hicho ndipo unapoanza mnara. Na mnara wenyewe unapanda kwa njia ile ile, kila safu ikiingia ndani kidogo, pande zote nne zikisogeleana. Hakuna tao hata moja. Hakuna chokaa iliyoyashika mawe. Kinachoyashika ni uzito.

Kijana alikataa. "Fundi, jiwe likitokeza hewani linaanguka." Nikatoa dhumna, nikamwambia apange. Aliweka moja, akaweka ya pili imetokeza mbele, ya tatu imetokeza zaidi, zikamwagika. Nikamwambia apange tena, na kila anapotokeza moja mbele aweke nyingine kwa nyuma, iikalie. Zilisimama. Alizisukuma kwa kidole, zikasimama bado. Tulicheza hivyo hadi adhana ya magharibi na wala hatukukata ubao hata mmoja, na sihesabu kuwa siku hiyo ilipotea.

Sasa mnara tunaujenga kwa vipande, mtupu ndani, na upande wa kaskazini tutauacha wazi ili watu wachungulie.

Tarehe 6 Aprili

Madaraja yanayopungua, 13 kwa jumla, yameanza kupangwa, na umbo si lenyewe.

Nilirudi kutoka kwenye msiba Pangani nikakuta kijana amefika daraja la nane peke yake. Kazi safi, pembe zimekaa, gundi haijavuja. Lakini ubavu wa mnara ulikuwa umejikunja ndani kidogo, kama mgongo wa mashua, na niliujua mgongo ule. Nikamwomba picha aliyokuwa akiifuata. Haikuwa Thanjavur. Ilikuwa Gangaikonda Cholapuram.

Si kosa la kumgombeza mtu. Hilo ni hekalu la mtoto. Rajendra wa Kwanza, mwana wa Rajaraja, alihamisha mji mkuu na kujenga hekalu lake kwa mpango wa baba yake, kwa kimo kilichopungua kidogo. Lakini mnara wake unapinda ndani unapopanda. Wa baba umenyooka: ukiweka rula kwenye ubavu wake kutoka daraja la kwanza hadi la mwisho, rula inalala. Wengi humpenda mtoto, husema ana ulaini. Mimi, baada ya wiki hizi, nampenda baba. Ule unyoofu ni mgumu kuupata. Mkono wa fundi una tabia ya kupinda bila kuambiwa, na kuuzuia kwa kimo cha mita 60, safu baada ya safu, ni kazi ya timazi na uvumilivu usiochoka.

Tumeondoa madaraja matano. Yaliyoondolewa sikuyatupa. Huenda siku moja tukamjenga na mtoto, na hata lile la Darasuram, la karne ya 12, ambalo ni dogo na limechongwa kila sehemu. Yote matatu yako pamoja katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: la Thanjavur liliingia 1987, mengine mawili yakaongezwa 2004.

Tarehe 12 Aprili

Kilele. Kuba la pembe nane, kitako chake cha mraba kisichofika sentimita 8, na Nandi wadogo wawili wawili kwenye kila kona. Wageni huambiwa kwamba kuba ni jiwe moja la tani 80, lililovutwa na tembo juu ya tuta la kilomita nyingi. Ukweli ni kwamba limeunganishwa kwa vipande kadhaa. Mimi naona hivyo ni vikubwa zaidi: jiwe moja ni la nguvu, vipande vilivyopandishwa hadi mita 60 vikaungana hata watu miaka elfu wakadhani ni kimoja, hiyo ni ufundi.

Huambiwa pia kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Kinagusa. Nilikaa ndani yake saa kumi jioni, miguu ikiniuma kwa mawe ya uani yaliyokuwa yamepata moto mchana kutwa, na nilimshukuru aliyeujenga.

Tarehe 3 Mei

Wiki tatu za vidaka vya ukutani. Kwa kipimo chetu mtu mzima ana sentimita moja na nusu au zaidi kidogo, na ndani ya kila kidaka kuna umbo la Shiva: anacheza, anaombaomba, amegawanyika nusu mume nusu mke. Tumechonga muhtasari tu, kichwa na mkono ulioinuliwa. Safu ya juu ndiyo imenisimamisha. Pale anarudiwa Shiva yule yule mwenye upinde, mara 30 hivi kuzunguka mnara: Tripurantaka, aliyeiteketeza miji mitatu ya maadui kwa mshale mmoja. Anayechonga umbo moja mara 30 hawezi kukwepa kuuliza kwa nini.

Jibu liko langoni. Malango mawili ya mashariki, gopuramu, yana majina. La ndani ni lango la Rajaraja. La nje linaitwa Keralantakan, mwangamizi wa Kerala. Ni cheo cha mfalme mwenyewe, alichokipata kwa vita. Na maandishi ya hekalu hayafichi: sehemu ya dhahabu na fedha aliyoitoa mfalme ilitokana na hazina za wafalme wa Chera na Pandya aliowashinda. Vijiji vya Sri Lanka vilivyokuwa chini yake vilipangiwa kuleta mpunga, pesa na mafuta hekaluni. Uzuri huu ulilipiwa na watu ambao hawakuulizwa. Naliandika hapa kwa sababu nalipenda hekalu hili, na sitaki kulipenda nikiwa nimefumba jicho moja.

Jambo jingine la malango, la ujenzi tu. Kwenye mahekalu ya Tamil Nadu yaliyofuata, kama Madurai na Srirangam, malango yalikua marefu mno, ukiwa mbali unayaona yenyewe na hekalu la ndani limejificha. Hapa bado ni kinyume. Malango ni mafupi, mapana, yanakaa kama wazee barazani, na mnara unapanda nyuma yao. Kwenye shiti yangu unaona waziwazi: jicho linavuka lango la kwanza, la pili, halisimami.

Tarehe 25 Mei

Ushoroba wa chini umepakwa. Ndani yake kuna michoro ya zama za Wachola iliyokaa gizani kwa karne nyingi chini ya michoro mingine iliyopakwa na Wanayaka juu yake. Mwalimu S. K. Govindaswami aliigundua mwaka 1931, tabaka la juu lilipokuwa limebanduka. Baadaye wataalamu waliweza kulitoa tabaka la juu na kulihifadhi kando, la chini likabaki mahali pake, hakuna lililouawa kwa ajili ya mwenzake. Kuna mtakatifu Sundarar akipanda kwenda Kailasa, mlima wa Shiva, juu ya tembo mweupe. Sisi tumepaka rangi ya udongo mwekundu na tembo mmoja mweupe wa ukubwa wa punje ya mtama.

Tarehe 15 Juni

Nimekwama, na nimekwama kwenye jambo lenyewe.

Nilianza kazi hii kwa ajili ya mnara. Sasa umesimama hapa mezani, na kila nikiuangalia jicho linashuka, linashuka, hadi kwenye kitako. Kwa sababu kule Thanjavur, siku ya pili, sikutazama juu tena. Nilizunguka kitako. Mikanda ile yote imeandikwa. Mstari juu ya mstari, Kitamil cha miaka elfu, umechongwa kwenye itale kuzunguka mnara wote, na kwenye nguzo za veranda ya ukuta wa ua pia. Kwa moja kwa mia, herufi zile haziwi hata vumbi. Nikiacha kitako kitupu nimeliacha hekalu nje.

Yanasema nini? Ni daftari la hesabu. Nani alitoa nini, cha uzito gani, kimehesabiwa kwa vipimo gani. Sanamu za shaba, kimo chake kwa vidole, idadi ya mikono ya kila moja. Mikufu, lulu, mawe. Mfugaji fulani amekabidhiwa kondoo 96, na kwa kondoo hao anawajibika kuleta samli ya kuwasha taa moja kila siku, bila kukoma, na baada yake wanawe. Vijiji vimekopeshwa pesa za hekalu na kulipa riba ya sehemu moja kwa nane kila mwaka. Wamo wachezaji wa kike 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine ya nchi: wametajwa mmoja mmoja, jina lake, hekalu alikotoka, mtaa aliopewa, nyumba ya ngapi, na fungu lake la kalamu 100 za mpunga kwa mwaka. Kalamu hapa ni kipimo chao cha nafaka, ingawa masikioni mwetu neno hilo linagonga kwingine. Wamo walimu wa ngoma, wapiga tarumbeta, washonaji, kinyozi, mfinyanzi, maseremala, wahasibu.

Mfalme gani mwingine wa zama zile ameacha jina la kila mchezaji na namba ya nyumba yake? Minara ipo mingi duniani. Huu ndio ninaoujua ambao kitako chake kinaweza kumwambia mtu wa leo mwanamke fulani aliishi mtaa wa kusini, nyumba ya tano.

Tarehe 29 Juni

Nimempigia simu yule mama wa nyumba ya wageni. Mumewe amepona, alhamdulillahi. Yeye huniita anna, kaka, nami namwita akka, dada mkubwa. Nilimweleza nilipokwama. Akasema nisihangaike na maandishi yote, nitafute mlango wake. Kila daftari lina ukurasa wa kwanza.

Akanitumia sauti yake akisoma. Ni amri ya mfalme, aliyoitoa akiwa kwenye jumba lake la kuogea, ndani ya kasri. Kwa Kiswahili naielewa hivi: tulivyotoa sisi, alivyotoa dada yetu mkubwa, walivyotoa wake zetu, na walivyotoa wengine waliotoa, vichongwe kwenye jiwe la vimana tukufu.

Nam akkan. Dada yetu mkubwa. Ni Kundavai, na ndiye anayetajwa mara baada ya mfalme, kabla ya wake zake. Niliisikiliza sauti ile mara kumi, akka wangu akisoma neno akkan lililochongwa miaka elfu iliyopita, na halikuhitaji kufasiriwa kwake hata kidogo. Tumezoea kuambiwa ya kale yamekufa. Neno lile halijafa, limekaa mdomoni mwake kama lilivyokaa kwenye jiwe.

Aliniambia pia alikuwapo tarehe 5 Februari 2020, siku ya kumbabhishekam, maji matakatifu yalipopandishwa hadi kileleni kulitakasa hekalu upya. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na mvutano: ibada iendeshwe kwa Kisanskriti au kwa Kitamil? Mahakama Kuu ya Madras iliamua lugha zote mbili zitumike. Akka alilia aliposikia nyimbo za Kitamil zikipanda. Nikamwambia, basi mfalme alikuwa na wewe, maana kwenye kitako wametajwa waimbaji 48 waliopewa posho kuimba nyimbo hizo hizo kila siku, na wapigaji ngoma wawili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Anna, umewahesabu."

Uamuzi umepatikana. Mfano utabaki wa moja kwa mia. Mbele yake utalala ubao mmoja wa mkangazi wenye herufi za ukubwa kamili, kama zilivyo kwenye itale: ule mstari wa kwanza.

Tarehe 20 Julai

Majuma matatu kwa mstari mmoja. Herufi za Kitamil cha wakati ule zina mviringo unaojirudia ndani, na mkangazi haupendi mviringo. Ukienda kinyume cha nyuzi unapasuka. Ubao wa kwanza ulipasuka kwenye neno la tatu. Wa pili niliukosea mwenyewe, nikaruka herufi, na akka ndiye aliyeligundua kwenye picha. Kijana alishauri niichomeke pembeni, ndogo, hakuna atakayeona hapa Tanga. Nikamwambia, mwanangu, wale walichonga wakijua Mungu anasoma na mhasibu anasoma. Tukachukua ubao wa tatu.

Huu umekamilika jana usiku. Nimepitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Unasomeka hata gizani.

Tarehe 10 Agosti

Leo tumefunga ushoroba wa juu, ulio juu ya ile michoro. Huko ghorofani, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki, ukutani kumechongwa Shiva akicheza mikao ya ngoma iitwayo karana. Mikao kamili ni 108. Iliyochongwa ni 81. Mawe 27 yaliyobaki yamewekwa ukutani, yamesawazishwa, yamesubiri, na hayakuguswa.

Kijana aliuliza kama tuyachonge sisi, kwa heshima, mfano ukamilike. Mkono ulinisisimka, nakiri. Lakini hatukuyachonga. Vibao 27 vya mkangazi vimewekwa vitupu mahali pake, vimepigwa msasa, vimepakwa nta. Anayechungulia kupitia ule upande wa wazi ataviona vikifuatana, mwisho wa safu ya wachezaji.

Halafu tumeugeuza mfano, tukaandika chini ya shiti kwa patasi ndogo. Kijana ndiye aliyeanza. Alisema kama wao waliandika, na sisi tuandike. Muuza mbao: mkangazi, futi 14, kwa bei ya mkopo. Kaka yangu: nauli ya treni ya Thanjavur. Akka: kusoma, na kusahihisha herufi moja. Mke wangu: chai ya usiku, siku zisizohesabika. Jirani: dhumna, seti moja, pungufu kete mbili. Kijana wa karakana: madaraja 13, na matano ya ziada.

Kinachobaki ni kidude cha juu kabisa, kalasha. Ya mfalme ilikuwa chungu cha shaba kilichofunikwa dhahabu, na aliikabidhi siku ya 275 ya mwaka wake wa 25, tarehe ambayo iko pale kwenye kitako pamoja na mengine yote. Yetu itakuwa ya shaba tupu. Fundi jokofu wa barabara ya pili ameahidi kunipa kipande cha bomba Jumatatu, na mstari wake chini ya shiti nimeupima na kuuacha wazi.